Saa Moja, Majina Mengi: Urithi wa Nahodha wa Mkokoni

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nikiutumia msemo huu kuwaonya wengine, hadi siku uliponirudia mwenyewe. Siku hiyo nilikuwa Mkokoni, kijiji chetu cha wavuvi kilicho bara, kinachotazamana na kisiwa cha Kiwayu. Tulikuwa tumemaliza sala ya alasiri, tumeketi barazani, upepo wa kaskazi ukituvumia, mpwa wangu alipokuja akaketi karibu nami. Mkononi alikuwa amevaa saa inayomeremeta kama kioo cha jua, na usoni mwake limeandikwa jina la Rolex.

"Mjomba," akaniambia kwa adabu, "nimekuja kwa jambo la saa ya babu."

Injini ya mashua yao ilikuwa imekufa, na msimu wa kamba unapita. Alikuwa amesikia kwamba wako watu mijini, na hata ng'ambo, wanaonunua saa kongwe zenye majina makubwa kwa fedha nyingi. Saa ya marehemu baba yangu i kongwe, na jina inalo. Kwa nini basi isiuzwe, injini ikapatikana, na watu wakala?

Nilikasirika, lakini hasira yangu haikukaa. Kijana alikuwa na haki kuliko nilivyokuwa tayari kukiri. Baba alifariki mwaka 2003, mama akiwa ametangulia. Alituacha watoto watatu: mimi, ndugu yangu wa kiume na dada yetu, ambaye ndiye mama wa kijana huyu. Nyumba iligawanywa, mashua ikagawanywa, minazi ikagawanywa. Saa ilibaki mkononi mwangu. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Kwa zaidi ya miaka 20 nimevaa mkononi mafungu ya watu wengine, na kila nikitazama saa ya sala nilikuwa nikitazama haki ya dada yangu.

Nikamwambia kijana tusubiri hadi nitakaposhuka Lamu, nikaionyeshe kwa fundi apate kuikadiria. Katika siku zile za kusubiri, nilishughulika kuuliza jambo ambalo sikuwa nimepata kulifikiri: hivi jina linaloandikwa kwenye uso wa saa ni jina la nani, nalo linatuahidi nini? Naomba msomaji anivumilie nimpitishe katika historia hiyo, kwani ndiyo iliyonifunza jambo kuhusu urithi.

Saa ya baba imeandikwa West End Watch Co. Aliinunua Aden mwaka 1958, mwaka niliozaliwa mimi, alipokuwa nahodha katika jahazi lililopeleka boriti za mikoko Uarabuni. Siku hizo Aden ilikuwa bandari huru, na mabaharia wa pwani yetu walirudi na kaskazi wakiwa na halua, tende, mazulia na saa. Kwa muda mrefu niliamini kwamba saa hii ilitoka Uingereza, maana West End ni sehemu maarufu ya jiji la London. Kumbe la! Kampuni ya West End ilianza mwaka 1886, ikawa na maskani yake Bombay huko Bara Hindi, na saa zake zikaundwa Uswisi, katika milima ya Jura, kwenye mji mdogo wa Saint-Imier. Jina la London liliwekwa kwa sababu wanunuzi wa Bombay walilipenda. Hata aina maarufu ya saa zake, Sowar, imepewa neno la Kihindustani lenye maana ya askari mpanda farasi. Kwa hiyo baba yangu, Mbajuni wa Mkokoni, alivaa saa ya Kiswisi, yenye jina la Kiingereza, ya kampuni ya Bombay, iliyonunuliwa Uarabuni. Ni bahari yetu ya Hindi yote hiyo, imekusanywa katika kisahani kimoja cha chuma.

Tukitazama majina mengine makuu tutaona kwamba mengi yana siri ya namna hii. Uswisi haikuzaliwa na saa. Katika karne ya 16, mji wa Geneva ulipokuwa chini ya mafunzo ya John Calvin, mapambo ya dhahabu na vito yalikatazwa, na masonara wakageukia saa, ambazo zilikubaliwa kwa kuwa zina manufaa. Mwaka 1601 mafundi wa saa wa Geneva walianzisha chama chao, kilichoweka kanuni za nani anastahili kuitwa fundi. Kisha ufundi ukapanda milimani, kwa wakulima wa Jura ambao wakati wa baridi hufungiwa na theluji. Badala ya kuota moto tu miezi hiyo, walikaa dirishani wakichonga meno ya magurudumu madogo kuliko punje ya mtama. Sisi watu wa Mkokoni tunawaelewa. Kusi linapochafuka na bahari kufunga milango, nasi huketi tukashona nyavu, tukatia kalafati mashua na kusuka kamba. Tofauti ni kwamba wao, kutokana na kazi ya msimu wa dhiki, walijenga majina yaliyoenea dunia nzima.

Majina hayo ni mengi. Blancpain hujitangaza kuwa ilianza mwaka 1735, Favre-Leuba 1737, Vacheron Constantin 1755, Breguet 1775. Longines ilianza 1832 huko huko Saint-Imier, Patek Philippe 1839, na karakana ya Louis Brandt ilifunguliwa mwaka 1848 katika mji wa La Chaux-de-Fonds. Hiyo ya mwisho ndiyo tunayoijua kwa jina la Omega, lakini jina hilo halikuwapo mwanzoni. Lilikuwa jina la mashine moja ya saa iliyotengenezwa mwaka 1894, nayo ilisifika mno hata jina lake likaimeza kampuni nzima. Jina, basi, lilizaliwa na kazi.

Na ile Rolex ambayo mpwa wangu aliivaa kwa fahari? Mwanzilishi wake, Hans Wilsdorf, alikuwa Mjerumani aliyezaliwa Bavaria, akafungua biashara London mwaka 1905. Hakuwa fundi bali mfanyabiashara, na mashine za saa alizinunua Uswisi. Jina la Rolex alilisajili mwaka 1908. Halina maana katika lugha yoyote. Alilitaka liwe fupi, litamkike kirahisi kwa kila ulimi, na lienee usoni mwa saa. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza akahamia Geneva. Mwaka 1926 alitoa saa yenye kasha lisiloingiza maji, akaiita Oyster, yaani chaza, na mwaka uliofuata Mwingereza mmoja, Bi Mercedes Gleitze, aliingia nayo katika maji ya baridi ya mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa. Saa haikusimama. Wilsdorf akautangaza ushahidi huo kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti. Hapo utaona kwamba hata jina lililobuniwa tu halikutosha lenyewe. Ilibidi liingizwe majini lijaribiwe.

Pwani yetu si ngeni katika habari hizi. Sayyida Salme binti Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, ameeleza jinsi vyumba vya watu wakubwa wa Unguja vilivyopambwa kwa vioo, vyombo vya kauri na saa. Mwaka 1883 Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib, likawa na mnara wa saa. Na tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walimpa Sayyid Khalid muda wa mwisho wa saa tatu asubuhi aondoke katika jumba la kifalme. Saa tatu ilipopita, mizinga ya manowari ikalia, na kabla ya saa nne kugonga, vita vilikuwa vimekwisha na mamia ya watu wamekufa au kujeruhiwa. Nchi ilishindwa kwa akrabu ya saa. Jumba hilo la ajabu nalo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu yake kubwa iliporomoka likiwa katika matengenezo. Jiwe nalo husema: nitunzeni.

Isitoshe, saa ndiyo iliyoichora pwani hii katika ramani za wageni. Manahodha wetu walisafiri kwa nyota, kwa rangi ya maji na kwa kuzijua pepo, wakafika Hindi na kurudi. Wazungu waliotaka kuandika mahali kamili pa kila mwamba walihitaji kujua ni saa ngapi kwao wakati jua liko utosini hapa. Tofauti ya saa moja ni nyuzi 15 za mzunguko wa dunia. Hapa kwetu karibu na ikweta, kosa la sekunde nne tu ni kosa la maili moja ya bahari. Fundi seremala wa Kiingereza, John Harrison, aliishughulikia saa ya kuaminika baharini karibu umri wake wote, akaikamilisha ile ya nne mwaka 1759. Miaka ya 1820, Kapteni William Owen alipopima pwani ya Afrika Mashariki kwa manowari zake, alikuwa na saa za namna hiyo.

Lakini tusijione wanyonge wa wakati. Mswahili anahesabu saa zake kuanzia macheo. Saa moja ni baada ya jua kuchomoza, saa kumi na mbili ni kulitua, na kwa kuwa sisi tuko karibu na ikweta, jua letu halibadilishi ahadi yake sana kati ya kaskazi na kusi. Baba alikuwa nayo saa yake, na bado aliangalia kivuli cha mnazi kwanza. Aidha alijua kwamba maji ya bahari hayafuati saa ya kiwandani, kwani kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50, hadi bamvua lirudi. Saa kwake ilikuwa shahidi wa pili. Wakati wa vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, tulipokihama kijiji usiku pamoja na Wabajuni wengi wa bara, mama aliifunga ndani ya kitambaa akaitumbukiza katika mfuko wa mchele. Tulipoteza mbuzi na milango ya nyumba. Saa ilifika.

Sasa nirejee kwenye majina. Tarehe 25 Desemba 1969, huko Tokyo, kampuni ya Seiko iliuza saa ya kwanza ya mkono yenye jiwe la kwatzi, kwa bei ya yeni 450,000, bei iliyokaribiana na ya gari dogo. Jiwe hilo likipitishwa umeme wa betri hutetemeka kwa kipimo kisichobadilika. Katika saa za leo hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Haikuhitaji kamani wala kutiwa ufunguo, na haikukosea ila kidogo sana. Baada ya miaka michache bei ilianguka, Hong Kong na Japani zikaijaza dunia kwa saa za betri, na Uswisi ikatikisika. Mwaka 1970 sekta ya saa nchini humo ilikuwa na wafanyakazi wapatao 90,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki 30,000 na ushei. Makampuni yaliyopitia mapinduzi na vita vikuu viwili yalifungwa na kijiwe.

Hapo ndipo majina makongwe yalipoanza kuuzwa kama mitumba. Blancpain ya 1735 ilikuwa imelala, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 jina lake tupu likanunuliwa kwa fedha kidogo na watu wawili, wakalifufua. Leo limo ndani ya kundi kubwa la kampuni, pamoja na Omega, Longines, Tissot na Breguet. Kundi hilo linaitwa Swatch, jina la saa ya plastiki yenye vipande 51 iliyotolewa mwaka 1983. Mjukuu wa plastiki ndiye anayewalea mababu wa dhahabu! Favre-Leuba nayo, iliyouza saa zake Bara Hindi tangu karne ya 19, ilinunuliwa mwaka 2011 na kampuni ya Kihindi ya Titan. Mteja wa jana amekuwa mwenye nyumba.

Kwa hiyo unaposoma "tangu mwaka fulani" kwenye saa, jua kwamba umesoma umri wa jina, wala hujasoma umri wa kazi. Jina laweza kununuliwa likiwa mfu, likavishwa nguo mpya. Kazi hairukwi namna hiyo. Kazi hupita kutoka mkono hadi mkono, na mkono mmoja ukikosekana, imekatika.

Kuna kisa kimoja ambacho hunigusa kuliko hivyo vyote. Kintaro Hattori, aliyeanzisha kampuni ya Seiko, alianza mwaka 1881 na duka la kuuza na kutengeneza saa mjini Tokyo. Mwaka 1923 tetemeko kubwa la ardhi lilipiga, kiwanda na ofisi zake zikateketea kwa moto, na ndani yake zikaungua saa zipatazo 1,500 ambazo wateja walikuwa wameleta zitengenezwe. Hattori akatangaza kwamba kila mwenye saa yake aje, apewe nyingine mpya inayolingana na ile. Alikuwa amepoteza takriban kila kitu, na hakuna ambaye angemlaumu kwa msiba wa Mungu. Alikumbuka tu kwamba zile zilikuwa amana. Nilipokisoma kisa hicho nilitazama mkono wangu mwenyewe, nikaona haya.

Nikashuka Lamu pamoja na mpwa wangu. Fundi niliyemwendea ni mzee, meza yake ina upana wa mkeka wa kusalia, imejaa visahani vya vipande. Akatia lenzi jichoni, akaifungua saa ya baba kwa kisu chembamba, akanyamaza kitambo. Kisha akacheka taratibu.

"Mwalimu, hii West End ni kanzu tu. Aliyeivaa ni mwingine."

Akatuonyesha. Kasha ni lenyewe, uso ni wenyewe, lakini mashine ya ndani imetoka katika saa nyingine ya Kiswisi. Akrabu moja si ndugu wa mwenzake. Kamani imebadilishwa zaidi ya mara moja. Kioo ni cha plastiki, kimekatwa kwa mkono. Nikakumbuka kwamba miaka ya themanini baba aliipeleka kwa fundi mmoja mjini Mombasa, ikarudi ikiwa na mlio tofauti kidogo, naye baba akasema kwamba imezeeka kama yeye. Nilitaka kukasirika kwa niaba yake. Mzee akanizuia.

"Usimwite mwizi mtu usiyemjua. Pengine spea hazikuwapo. Alichotaka ni itembee, na imetembea miaka 40."

Nikamwuliza thamani yake. Akasema mnunuzi wa saa kongwe hataitaka, maana yeye hununua jina lililotimia. Ila mtu anayetaka saa ya kuvaa anaweza kuilipia shilingi 10,000. Mpwa wangu akaivua ile yake inayomeremeta, akaomba nayo ifunguliwe. Ndani mlikuwa na kidonge cha betri, kijisahani cha plastiki na nafasi tupu. Fundi akairudisha bila neno. Kijana hakusema kitu, nami sikumwongezea. Aibu ya kununua jina tumeshirikiana.

Nikamwuliza mzee yule nani anamfuata katika kazi hiyo. Akanionyesha kigoda kitupu kando ya meza. Watoto wake wana kazi nyingine, na vijana wa mtaa wanatazama saa kwenye simu. Akifunga yeye, vile visahani vya vipande vitauzwa kwa kilo.

Hilo ndilo jambo ninalotaka kulisema katika safu hii. Sisi hatuna jina la saa la mwaka 1735, wala hatulihitaji. Lakini tumekuwa na watu waliozifanya saa za wengine ziishi kwa miongo na miongo bila spea, bila vitabu, kwa macho na subira. Ufundi wa kutengeneza ni elimu kamili, nao wastahili kigoda kisichokuwa kitupu. Serikali ya kaunti hutoa misaada ya karo na vyuo vya ufundi vipo. Si vigumu kumlipa mzee kama huyu posho ya kufundisha vijana wawili kwa mwaka. Mikono inayoweza kufungua saa inaweza pia kufungua simu, redio ya mashua na taa ya sola. Tukingoja hadi mzee afunge mlango, tutabaki kununua kasha tupu lenye jina la watu.

Ama kuhusu mirathi, nimeifanya hesabu niliyoikwepa tangu 2003. Ndugu wawili wa kiume na dada mmoja, fungu ni tano: mbili, mbili na moja. Nimemlipa dada yangu shilingi 2,000 na ndugu yangu 4,000, nikawaomba radhi kwa miaka niliyowacheleweshea. Dada alicheka, akasema alikuwa akijua siku zote, alikuwa akingoja niseme. Ndugu yangu fungu lake alimpa kijana. Shilingi 6,000 hazinunui injini, ila zimetosha kubadilisha pampu ya maji, ambayo kumbe ndiyo iliyokuwa imeharibika.

Saa ninayo bado, na sasa ni yangu. Kila asubuhi baada ya sala naitia ufunguo. Huchelewa dakika nne kwa siku, nami huirekebisha kwa kutazama jua likichomoza nyuma ya Kiwayu, kama alivyokuwa akifanya mwenyewe.